Damu Iliyobaki Kwenye Friza

Kwenye kampuni ya utafiti wa dawa, wenzake walimwita Bi Barafu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa chumba cha chini, kwenye mafriza makubwa ya kutunzia sampuli. Aliingia na koti zito na glavu nene, akatoka vidole vimekufa ganzi. Kazi aliipenda. Ila friza la kona ya mwisho, kila akilipita, alisikia harufu ya mbao iliyorandwa sasa hivi. Alijiambia ni pua tu inamchezea. Baba yake alikuwa seremala, na alikuwa kaburini tangu yeye yuko shule ya msingi.

Mama yake hakuwahi kulikanyaga geti la kampuni ile. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Watu walivuka barabara ili wasipite karibu na ukuta wake. Kwao wale walikuwa mumiani, basi, yamekwisha. Kampuni iligawa fulana, ikagawa mipira, ikaleta hadi hema na muziki siku ya kupima afya bure. Wafanyakazi walishinda pale wakifukuza nzi. Aliyetokea ni mlevi mmoja, naye alitaka kujua kama hema linaazimwa.

"Sababu wanayo," mama alimwambia siku alipoulizwa. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho. "Ile homa ilipoingia, watu wa pale walikuja na masanduku yao, wakawatoa damu wagonjwa wote. Baba yako alinyoosha mkono mwenyewe. Akasema, chukueni, labda mtajua ni nini. Wakasema watarudi na majibu. Mpaka leo."

Yaliyofuata binti aliyajua. Binti alikuwepo msibani siku shangazi yake, dada wa marehemu, aliposimama mlangoni mbele za watu akapaza sauti: "Macho ya manjano, mwili umevimba! Homa gani hiyo? Muulizeni mkewe alimlisha nini!" Tangu siku hiyo majirani wakawa hawaonji chakula cha mama. Baya zaidi, miaka ilivyozidi kwenda, mama mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Mara nyingine binti alimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria tupu, midomo inacheza, kama mtu anayejikumbusha alichotia ndani.

Basi friza la kona likaharibika. Msimamizi wa maabara, mtu mpole asiyependa makuu, alishuka akaligonga ubavuni kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Vilivyomo ni vya kale, kabla sisi hatujaajiriwa," alisema. "Mradi wenyewe uliisha katikati, wenye mradi nao wakaondoka. Toa vyote, vikachomwe."

Bi Barafu alibaki peke yake. Alifungua, ukungu wa baridi ukamwagika miguuni. Alikipangusa kichupa cha kwanza kwa kidole gumba mpaka jina likajitokeza: la mke wa fundi viatu, jirani yao wa nyumba ya pili. Cha pili, mwalimu wake wa hesabu. Alijua atakutana na nini, na mikono ikaendelea kupangusa tu, kama si yake. Jina la baba lilipotokea, ile harufu ya mbao ilijaa chumba kizima. Nyuma yake mtu alikohoa kidogo, kikohozi kile kile cha baba akiwa na neno la kusema lakini anasubiri wengine wanyamaze.

Hakugeuka. "Nimekusikia, baba," alisema.

Alipanda ngazi na koti lake zito, akaingia kwa msimamizi bila kubisha hodi.

"Vile vichupa ni vya watu."

"Kila tulichonacho humu ni cha watu."

"Cha baba yangu kimo."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Unataka tufanye nini?"

"Waliahidiwa majibu. Mashine tunazo sasa. Tuwape majibu."

Habari ilizunguka maabara. Wale wa mashine za vinasaba walijitolea Jumamosi zao. Hata mlinzi wa geti, aliyezaliwa mtaa huo huo na kuuficha ukweli huo kazini, alikuja kuulizia kichupa cha kaka yake. Mkurugenzi alikubali shingo upande. "Tukifukua haya watatushtaki," alisema.

"Wameshatushtaki zamani, mkuu," msimamizi akamjibu. "Ndiyo maana hema lilikaa tupu."

Jibu lilikuja moja kwa karibu wote: homa ya mkojo wa panya, iliyosambazwa na maji machafu ya mtaro uliofurika mvua zile. Seremala alikuwa akifanya kazi pekupeku kwenye karakana iliyojaa maji. Manjano ya macho ni ini. Uvimbe ni figo. Na dawa yake ni ya kawaida kabisa, iko kila duka la dawa, mradi ugonjwa ujulikane mapema.

Bi Barafu alimweleza mama yake jioni ile, wamekaa sakafuni, magoti yanagusana.

"Kwa hiyo si mkono wangu," mama alisema polepole.

"Si mkono wako, mama."

Mama hakulia. Aliinuka, akazitoa sufuria zake zote, akazisugua moja baada ya nyingine ingawa zilikuwa safi. Kisha, mgongo umemgeukia binti, akauliza, "Na dawa ilikuwepo? Hata wakati ule?"

"Ilikuwepo."

Sufuria ilimtoka mkononi. Aliiacha pale chini inazunguka mpaka ikatulia yenyewe. "Waambie wakubwa wako nitakuja kwenye mkutano wao."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mkurugenzi aliomba radhi bila kupindisha maneno. Akasema kuanzia sasa kila homa itakayofika zahanati itapimwa bila malipo, na mgonjwa apewe jibu lake mkononi. Mtaro utafunikwa, na wafanyakazi wake watashika sepetu pamoja na wenyeji. Kisha akasema wanaomba kupima damu za walio hai, wajue kama ugonjwa bado upo.

Mama akasimama.

"Wewe kwanza," alisema.

"Samahani, mama?"

"Kunja shati. Halafu hao wenye makoti meupe wote. Tukishaona damu yenu inatoka, ndipo tutazungumzia yetu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kikaenea ukumbi mzima. Mkurugenzi alikunja mkono wa shati. Alikuwa mwoga wa sindano. Jasho lilimchuruzika, akafumba macho kama mtoto, na Bi Barafu akamtoa damu mbele ya watu wote. Wakafuata wengine. Baada yao mama alikaa kitini. Aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa shangazi.

"Wifi," shangazi alianza, sauti ikakatika.

"Tulia utolewe damu," mama alimwambia. "Mengine tutasemea nyumbani."

Watu waliomba pia warudishiwe vichupa vya ndugu zao. Wataalamu walivichemsha kwa mvuke mpaka hakuna kijidudu kilichobaki hai, na kila ukoo ukachukua chake ukakizike. Kimoja kikakosa mwenyewe. Karatasi yake ilikuwa imebanduka. Mashine iliweza kusema tu kwamba alikuwa mwanamke, na homa ilikuwa ile ile. Bi Barafu alikikalisha mezani siku nzima, akauliza kila aliyepita, hadi mama yake alipofika, kwa mara ya kwanza, ndani ya geti la kampuni.

"Nipe mimi," alisema.

Walimzika ubavuni mwa seremala. Shangazi ndiye aliyeshika jembe.

Hajulikani hadi leo ni nani. Mama bado anauliza, sokoni, zahanati, kwenye foleni ya maji: mwaka wa ile homa, nani alipotelewa na dada, au mke, au mpangaji? Watu hufikiri, hutikisa kichwa. Na siku nyingine, akitoka makaburini, mama humwambia binti yake kwamba leo yule mwanamke alionekana kama anataka kusema jina, ila upepo ulikuwa mkali.

Bi Barafu hamwambii mama kwamba anaota. Humuuliza tu jina lilianza na herufi gani.