Jino la Mbuzi Kumi na Watano

Wakoli alipoteza jino la mbele kwa upumbavu wake mwenyewe: alifungua soda kwa meno kwenye harusi ya watu, eti anajionyesha. Kliniki moja ya meno mtaani Elgon View ilipomwambia kwamba jino la kupandikizwa ni laki moja na nusu, yeye, karani wa duka la mbegu, aliomba kiti. Aliyelipa ni mchumba wake Wahu, kwa akiba yake ya chama, kile kikundi cha kuwekeana pesa, maana hakutaka picha za siku ya mahari zenye pengo. Wakakubaliana iwe siri yao wawili. Mwanamume aliyenunuliwa jino na mchumba atakuwa na uso gani mbele ya wakwe?

Jumamosi wakafika Kapseret, kwa kina Wahu, kujadili mahari. Msemaji wa upande wa Wakoli alikuwa baba yake mdogo, Lusweti, mtu ambaye mdomo wake hauna breki. Siri hakuijua, bei aliijua. Chai haijapoa, keshaanza.

"Mzee Muigai, sisi si watu wa kubahatisha. Wakoli, hebu cheka."

Wakoli akacheka kwa shida.

"Unaona hiyo ya mbele? Imepandwa. Laki moja na nusu."

Mzee Muigai, babake Wahu, akavaa miwani na kusogea karibu. "Mliweka mbolea gani?"

Wanja, shangazi yake Wahu, alikuwa tayari ametoa simu, anapiga hesabu. "Mbuzi ni elfu kumi. Hiyo jino ni mbuzi kumi na tano. Wahu ako na meno thelathini na mbili, zote ni zake, hakuna ya kununua. Hiyo ni mbuzi mia nne na themanini. Na bado hatujafika kwa macho."

Lusweti akapaliwa na chai. Wakoli alikuwa na pesa za mbuzi thelathini, basi, na alimpenda Wahu kuliko kitu chochote duniani.

"Mtu wa kununua jino na laki na nusu," alisema Mzee Muigai, "hawezi kutulilia juu ya mbuzi."

Wakoli akamtazama Wahu aliyesimama mlangoni na sahani ya chapati. Aibu ilimchoma, lakini kumkosa Wahu kungemchoma zaidi.

"Mzee, hii jino ni Wahu alilipa."

Wa kwanza kudakia alikuwa Lusweti.

"Kumbe ni nyinyi mmeanza kutoa mahari? Si mngesema mapema, sisi ndio tungepika chai."

"Wahu, ni kweli?" akauliza Mzee Muigai.

"Ni kweli, baba."

Mzee akavua miwani, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Wanja, futa hiyo hesabu. Chukua hizo mbuzi zenye wako nazo. Huyu kijana tukimrudisha kwao, ataenda na jino yetu."