Lanyero Akataa Kufuta Machozi

Lanyero aliitwa kwenye ukumbi wa Bukoto kuzungumza na wasomaji kuhusu vitabu alivyovisoma karibuni. Kabla hajaingia ukumbini, mhariri wake Ochola alimvuta kando.

"Taja vitabu vizito," alimwambia. "Watu wa tuzo ya vitabu wamo ndani. Na ile sura ya kilio kwenye mswada wako, tutaiondoa. Haikufai."

Lanyero alikuwa mtoto wa askari polisi, mzaliwa wa kambi ya Nsambya, na riwaya zake zilisifiwa kwa ukavu. Wahakiki walisema wahusika wake hufa bila mwandishi kupepesa jicho. Zamani sifa hiyo ilimpa fahari. Sasa ilimchosha.

Jamilah, mwongozaji wa kikao, alimkaribisha na kumuuliza, "Haya, mwandishi wetu, siku hizi unasoma nini?"

"Riwaya za mapenzi," Lanyero akajibu. "Zile za kuliza. Mke anaachwa, mtoto anaugua, mama mkwe ana roho mbaya. Nimezisoma nyingi, tena bila kujificha."

Watu walicheka wakidhani anatania. Yeye hakucheka. Akawasimulia.

Mama yake alipolazwa hospitali ya Nsambya, kwenye kitanda cha jirani alilala Emile, fundi cherehani kutoka Bukavu, akiuguzwa na mkewe Reine. Reine alikuwa na riwaya iliyochanika jalada, lakini maandishi madogo yalimshinda. Akamwomba Lanyero amsomee. Mwanzoni Lanyero alisoma kwa kukunja uso, maana kila mtu kitabuni alikuwa analia, hata mvua ilinyesha pale tu ilipohitajika. Lakini kila alipokifungua, wodi ilinyamaza. Mgonjwa wa karibu na mlango alimwomba apaze sauti. Mama yake, aliyekuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, alimtukana yule mama mkwe wa kitabuni kwa Kiacholi.

Asubuhi moja Emile akafariki. Reine alikunja shuka zake akaondoka. Baada ya maziko akarudi, kitambaa cheusi kichwani, akaketi kando ya Lanyero.

"Dada, tumalize kitabu," alisema. "Niko nataka kujua kama bwana yake alimurudia."

Lanyero akawatazama watu wa Bukoto. "Tulikimaliza. Alimrudia. Reine alilia mpaka akachoka, nami nikalia naye. Msibani hakupata nafasi ya kulia hivyo, kulikuwa na wageni wa kupikia na jeneza la kutafuta. Katika vitabu vyangu vyote, hakuna hata kimoja ambacho ningethubutu kumsomea siku ile."

Kidega, mhakiki wa gazeti, alisimama. "Lakini kumliza mtu ni kazi rahisi. Hata kitunguu kinaliza!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ni kweli," Lanyero akasema. "Lakini wewe umeona nani akitoka makaburini kwenda kutafuta kitunguu?"

Lanyero akatoa mswada mkobani, akaanza kusoma sura ileile ambayo Ochola alitaka iondolewe: mama anafua nguo za mwanawe aliyekufa, analia huku anasugua. Ochola alimpungia mkono aache. Lanyero akaendelea. Watu wawili wa tuzo walitoka nje. Kidega alitazama simu yake. Katikati ya safu, Jamilah aliyekuwa ameshuka jukwaani alivua miwani na hakuivaa tena mpaka sura ikaisha.

Nje, Ochola alikuwa anamsubiri kwenye ngazi.

"Umejiharibia," alisema.

"Sura inabaki."

"Basi tafuta mchapishaji mwingine."

"Nitamtafuta."

Haikuwa rahisi. Wachapishaji kadhaa walimwomba apunguze machozi, akawakatalia wote. Hatimaye mwanamke mmoja mwenye kampuni ndogo juu ya duka la simu, mtaani Kabalagala, alikichapa kitabu bila kugusa neno la sura ile. Tuzo hakupewa. Kidega aliandika gazetini kwamba Lanyero amelainika.

Mama yake, ambaye sasa alikuwa amepona na kurudi nyumbani, alisomewa na Lanyero makala hiyo wakinywa chai. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Kidega," aliuliza, "kulainika kunamuuma wapi?"

Lanyero hakumwandikia Kidega jibu lolote. Alikuwa ameshaanza riwaya nyingine, na mtu wa kwanza kuingia ndani yake aliingia akilia.