Ndoo ya Mwalimu

Nyumbani kwetu tunaishi watu saba tusio na undugu wa damu. Kilichotuunganisha ni sala ya asubuhi na jiko moja. Vyumba viwili vya mbele tumewaachia wagonjwa wanaokuja kutibiwa hospitali ya ng'ambo ya barabara na hawana pa kulala.

Kila Jumamosi tunaokota vikaratasi. Jina utakaloliokota, nguo za mtu huyo za wiki nzima ni mzigo wako. Utaratibu huo aliuanzisha Mwalimu, mstaafu anayetuongozea sala. Alisema ukimfulia mtu soksi huwezi kumnunia muda mrefu. Nilimwamini mpaka siku nilipopewa soksi za mwenzetu Seremala.

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Mwezi mzima niliona kila aliyeokota jina la Mwalimu anapewa shati moja tu, tena safi, limekunjwa vizuri. Wenzangu walisema ni huruma, mzee hataki kutuchosha. Mimi nilisema ni kiburi, na nilimwambia Seremala hivyo hivyo bila kumung'unya maneno.

Jumamosi iliyofuata jina hilo likaniangukia mimi. Nikapewa shati. Damu ikanichemka, nikabeba beseni langu, nikapiga hodi chumbani kwake na kuingia kabla sijakaribishwa.

Mwalimu alikuwa anafunga begi. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo yenye mfuniko, na harufu yake sikuhitaji kuulizia, maana shuka za wagonjwa nimezifua miaka minne.

"Najikojolea, Fundi," akasema bila kuniangalia. "Tangu ule upasuaji. Naondoka leo, nakwenda kwa dada yangu. Wenzako nitawaambia ameniita."

Niliona aibu, aibu hasa. Nikakaa kwenye godoro tupu, beseni magotini, nikamwomba radhi kwa niliyomwambia Seremala. Kumbe hakuwa na habari, ikabidi nimsimulie yote, na neno la kiburi ndani yake. Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Akaendelea kufunga begi.

Hapo hasira ikanirudia.

"Mwalimu, wale wa vyumba vya mbele unawafulia kwa mikono yako na kuwaambia wasione haya. Ulikuwa unawadanganya?"

Akakunja suruali nyingine, akaitia begini. Nikatoka na lile shati lake moja. Nililifua nimenuna, nikijilaumu kwamba huenda nimemfukuza kabisa. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kumwambia.

Uani tulikuwa wote, kila mtu na beseni lake, Mwalimu alipotokea mlangoni. Begi hakuja nalo. Alikuja na ndoo, ameibeba kwa mikono miwili, polepole, akaipitisha katikati yetu sote na kuitua mbele yangu. Akafunua mfuniko.

"Na hizi pia ni zangu," akasema.

Maji yakanyamaza kwenye mabeseni. Seremala aliitazama ile ndoo, akamtazama Mwalimu, kisha akanisogezea kipande chake cha sabuni.

"Chukua hii, Fundi. Hiyo yako haitatosha."

Nikazitoa shuka moja moja. Mwalimu akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akanitazama nikifua, mikono yake imetulia mapajani.