Kipimo cha Chumba cha Chini

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika maabara, Kavutha hupanga mezani vikopo vya mkaa vya kupimia gesi, akavifuta vumbi kimoja kimoja na kuviandika namba. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kikopo cha sita simu ilipolia.

"Kavutha mwanangu, ni Mama Milcah wa Kinoo! Nakupigia kusema asante tu. Ile karatasi yako ya kipimo imetufaa. Jana nimemshusha mzee chumba cha chini, magoti yake yapumzike na ngazi."

Kalamu ilimsimama mkononi.

Chumba kile kimechimbwa nusu ndani ya mteremko, na sakafu yake ina nyufa juu ya mwamba. Humo ndimo gesi ya radoni hupenya. Haionekani wala hainuki, lakini mtu akiivuta miaka na miaka, mapafu yake huwa hatarini. Ili kuipima, kikopo huachwa humo siku nne, milango na madirisha yakiwa yamefungwa ili upepo usiipunguze.

Lakini Mama Milcah alilelewa akijua kwamba mgeni hapokelewi katika nyumba iliyofungwa. Siku ya nne Kavutha aliporudi kuchukua kikopo alichokuwa ameacha humo, alikuta sakafu imepigwa deki, mapazia yamefuliwa, mlango na dirisha wazi.

"Kipimo chako hakijalala kwa uvundo hata siku moja," mama alimwambia kwa fahari. "Kila alfajiri nilikifungulia upepo."

Kavutha alitaka kusema kwamba kipimo kimeharibika. Akamtazama yule mama, wa umri wa nyanya yake, akimmiminia chai huku jasho likimtoka, naye akapokea kikombe. Akala chapati mbili. Kwenye fomu, pale palipouliza kama nyumba ilifungwa, akatia alama ya ndiyo. Karatasi ya majibu ikatoka ikisema chumba ni salama. Siku zilizofuata alijiambia kwamba hakuna anayelala kule chini, hivyo si neno.

Sasa aliomba ruhusa, akaondoka mjini. Saa tano alikuwa Kinoo.

Mzee Oyoo alikuwa amejilaza katika chumba cha chini, blanketi hadi kidevuni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia.

"Ala! Daktari wa mawe!" alisema. "Umekuja kunipima na mimi? Mimi nina nyufa kushinda hiyo sakafu."

"Wacha mtoto akae kwanza, Baba Ochola," Mama Milcah akamkemea mumewe, akisukuma kiti. "Tumefunga kila mahali, mwanangu. Hii baridi ya Julai haina adabu."

Kavutha hakukaa. Alitoa kikopo kipya mkobani. "Nilitaka turudie kupima. Ni... ni kawaida tu."

"Kawaida ya nini? Si uliandika iko sawa?"

Njia ya kudanganya tena ilikuwa bado wazi, na wangemwamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee alijigeuza kitandani, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyepata raha.

"Mama," Kavutha alisema, "nyumba ilitakiwa ifungwe siku zote nne. Sikukueleza vizuri. Nikakuta umefungua, nikaona haya kukwambia, nikaandika uongo. Ile karatasi haina maana. Tafadhali mzee asilale humu mpaka tujue."