Dozi ya Anayefuata

Kabla ya kunichoma sindano ya ganzi shingoni, daktari wa usingizi alinieleza kazi yake kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa akitafuta dozi ya kuua maumivu ya bega bila kuua vidole. "Kila mgonjwa namuuliza. Akisema haumwi, anayefuata nampunguzia. Akisema anaumwa, namwongezea. Kwa hiyo niambie kweli, kaka."

Mimi ni kinyozi. Mkono ukifa, nami nimekufa. Nikasaini.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, vidole vilicheza vyote vitano. Daktari akacheka mpaka machozi; miezi minane anaitafuta dozi hiyo. "Unaumwa?"

Bega lilikuwa linawaka moto. Lakini shemeji zangu wawili walikuwa wameketi pale pale, na mwanamume mzima ningeanzia wapi kusema naumwa?

"Siumwi," nikasema. Akaandika.

"Huyo ndiye dume!" akasema bibi wa kitanda cha pili, mshonaji, naye akisubiri kupasuliwa bega, aliyekuwa akinitania tangu jana kwamba kichwa changu mwenyewe kinahitaji kinyozi. Kisha wakaja kumchukua yeye. Ujinga wangu huo: sikuwa nimejiuliza anayefuata ni nani.

Walimrudisha saa sita, kang'ata ncha ya shuka, jasho linamtiririka. Nikajua mara moja nimemfanya nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Vidole, bibi?" daktari akamuuliza. Vikacheza. "Unaumwa?"

Akanitazama. Sema, nikamwomba moyoni, sema bibi yangu, piga kelele, nitukane.

"Siumwi, mwanangu. Kama mjukuu wangu huyu kavumilia, mimi niliyezaa saba nitashindwa?"

Daktari akaandika tena, akafurahi tena. Mlangoni, juu ya kitanda cha magurudumu, msichana wa chuo aliyevunjika bega alikuwa akimuuliza muuguzi kama akiamka ataumwa.

"Wala," muuguzi akamjibu. "Si umewasikia wenzako?" Wakaanza kumsukuma.

Niliita, sauti haikutoka. Nikaita tena.

"Daktari! Wasimamishe! Mimi ni mwongo. Ninaumwa, ninaumwa tangu uliponiuliza!"

Kitanda kikasimama. Shemeji zangu wakatazama sakafu. Na bibi akaiachia ile shuka, akafumbua mdomo, akalia kwa sauti mpaka wodi nzima ikanyamaza.