Chupa Mbili na Mgonjwa wa Galula

"Hapa kwetu Mpemba nzima, hakuna mwanamke anayeijua wiski kama mimi," alisema Fausta, akajipiga paja. "Naijua kwa rangi, naijua kwa harufu, naijua hata kwa mlio wake ikitoka chupani. Sema tu sijawahi kuinywa."

Tumpe na Aida walicheka mpaka kuku waliokuwa wakidonoa pumba wakakimbilia nyuma ya choo.

Lakini ilikuwa kweli. Enzi za usichana wake Fausta aliosha vyombo kwenye baa moja ya wasafiri kule Tunduma mjini, na bilauri alizosuuza zingejaza lori na tela lake. Mwenye baa alikuwa na macho ya mwewe, hata tone la mwisho alikuwa analinusa kujua kama limepungua. Baadaye Fausta akaolewa, akabatizwa, akazaa, akazika mume, na wiski ikabaki kuwa jambo la watu wengine, kama ndege zinazopita juu ya nyumba yake kwenda asikokujua.

Sasa chupa mbili zilikuwa uani kwake, juu ya meza, zimetandikiwa kitambaa cha kufuma kama maharusi. Alizileta Clever, mtoto wa marehemu dada yake, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na ambaye kazi yake ni kutoa mizigo ya watu forodhani. Mteja mmoja alimpa kwa shukrani. Daktari alikuwa amemkataza pombe Clever, na mke wake alikuwa amemkataza kumzidi daktari.

"Bamayo," Clever alimwambia siku aliyozileta, maana Wabemba ndivyo wanavyomwita mama, "wenzenu mijini wana wikiendi ya wiski. Marafiki wanachagua mahali palipotulia, wanakwenda Ijumaa, wanaonja kidogo, wanakula, wanapiga soga, wanalala. Jumapili jioni wanarudi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hakuna maiti?"

"Maiti wa nini, bamayo?"

"Mgonjwa je? Mahari? Ugomvi wa shamba?"

"Hakuna. Ni kustarehe tu."

Maneno hayo yalimkwama Fausta kama mfupa wa samaki. Alikuwa amesafiri sana maishani: Vwawa, Mbeya, Ileje, hata Isoka kwa shemeji zake. Na kila alikokwenda alikuta jeneza, au kitanda cha hospitali, au wakwe wenye nyuso za kudai ng'ombe. Hajawahi, hata mara moja, kufunga mzigo kwa kuwa moyo umetaka tu. Na sasa magoti yalikuwa yameanza kumpigia kelele kila asubuhi. Alijua kabisa kwamba asipoondoka mwaka huu, safari itakayofuata hatapanda gari amekaa, atapanda amelazwa.

Ndiyo maana aliwaita wenzake wawili siku hiyo wapange. Tumpe alikuwa Mndali wa Ileje, mwembamba, mbishi, mpishi wa pombe za asili aliyestaafu siku alipookoka, ingawa mikono yake haikupewa taarifa. Aida alikuwa mnene, mpole, mwoga wa kila kitu isipokuwa chakula. Wote watatu walikaa benchi moja kanisani, na kwaya ya akina mama isingeimba bila wao, au ingeimba vizuri zaidi, inategemea unamuuliza nani.

Mahali palishapatikana. Marehemu dada yake Aida aliacha nyumba Galula, yenye baraza pana, na funguo anazo Aida.

"Tunapanda gari mpaka Mkwajuni," alisema Fausta, "kutoka hapo pikipiki tatu, kila bibi na yake. Chupa atapakata Aida."

"Kwa nini mimi?"

"Pikipiki ikiruka shimo, wewe una mito ya kuzipokea. Tumpe akizipakata zitapasukia kwenye mbavu zake."

"Zipasukie tu," Tumpe akadakia, "nitakuwa nimeonja kabla yenu."

Wakaja kwenye mavazi. Clever alikuwa amesema watu wa wikiendi hizo huvaa kwa mpango, basi Aida akaleta kitenge chake, wakakisogeza kwenye chupa kulinganisha rangi. Wiski ilikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Kitenge kilikuwa kama chai hiyohiyo iliyomwagikiwa na maziwa. Wakakipitisha, kwa sababu hakukuwa na kingine.

"Chakula ni karanga za kukaanga," alitangaza Fausta kwa sauti ya mtaalamu.

"Nani kasema?"

"Wanywaji wa kule baa walikuwa wanaacha maganda mezani, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia. Tena tutanunua samaki wa Rukwa hukohuko."

Ugomvi ulizuka kwenye namna ya kunywa. Tumpe alikuja na chungu kidogo na mirija mitatu ndani ya kikapu, akavitoa kama mganga anayetoa tunguli.

"Kinywaji bila chungu ni dawa ya kikohozi," alisema. "Kimpumu mnakijua au hamkijui? Ulezi umechachuka, umo chunguni, unamimina maji ya moto, watu wamezunguka, kila mtu na mrija wake. Mkivuta, mnaongeza maji ya moto, mnaendelea. Hapo ndipo watu wanazungumza! Bilauri kila mtu na yake ni kunywa kwa wachoyo."

"Wiski inawekwa barafu," Aida alinong'ona. "Nimeona kwenye runinga."

"Na barafu Galula utaitoa wapi, kwenye jokofu la mamba?"

"Lakini maji ya moto, Tumpe..."

"Ulezi ni nafaka, na hii Clever amesema ni nafaka. Nafaka ni nafaka. We Fausta, si ndiye mjuzi? Ulipokuwa unaosha zile bilauri, zilikuwa za moto au za baridi?"

Fausta akafikiri. "Nilikuwa naziosha kwa maji ya moto."

"Umeona!" Tumpe akapiga makofi, akainuka kwenda kubandika birika kwenye mafiga. "Tujaribu kidogo leo, tusije tukaaibika."

"Tuaibike mbele ya nani?"

"Mbele ya wiski yenyewe."

Moto ukakolea. Fausta akakumbuka jambo moja zito. "Nyumbani mmewaambia tunakwenda kufanya nini?"

"Mimi nimesema tunakwenda kumwona mgonjwa," alisema Aida.

"Vizuri. Nani anaumwa?"

"Bado sijamchagua."

Kabla hawajamchagua, sauti nzito ikabisha mlangoni. "Hodi humu! Bwana asifiwe!"

Aida akavua khanga mabegani akazirushia chupa. Alipoingia Mzee Zabron uani, alikuta akina mama watatu wamekaa wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

Mzee Zabron alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti zito la kiangazi na masika. Mahubiri yake yote yaliishia kwenye pombe hata yakianzia kwenye safina ya Nuhu, na kila mara alijigusa midomo akasema: "Tangu nizaliwe, kitu hicho hakijavuka hapa." Waumini waliitika amina, na waliokunywa jana yake waliitika kwa nguvu zaidi.

"Nimesikia kwa mkwe wa mama Aida kwamba kuna mgonjwa Galula," alisema akikaa. "Nikasema siwezi kuwaacha mwondoke bila maombi. Anaumwa nini?"

"Mguu," alisema Tumpe.

"Tumbo," alisema Aida kwa wakati uleule.

Mzee Zabron akamgeukia Fausta.

"Ni mguu, baba mzee," alisema Fausta taratibu, "ila ulianzia tumboni."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wafumbe macho. Akauombea mguu, akaliombea tumbo, akaziombea barabara na waendesha pikipiki. Maombi yalipofika kwa madaktari, Fausta akafumbua jicho moja achungulie birika. Akakuta jicho moja la Mzee Zabron nalo liko wazi. Lilikuwa linatazama meza, pale ambapo khanga ilishindwa kufunika shingo ya chupa.

Maombi yakafupika ghafla. "Amina." Mzee akanyoosha mkono, akaiondoa khanga.

Malori yaliyosimama foleni barabara kuu yalisikika yakinguruma.

"Hii ndiyo dawa ya mguu?"

"Baba mzee..." Aida alianza.

"Akina mama wa kwaya!" Mzee Zabron alisimama, akamkazia macho Fausta. "Mama Ipyana, nilikuwa nakutaja kwa mabinti kama mfano! Jumapili majina matatu yatasomwa mbele ya kanisa. Mtatengwa, mtakaa benchi la nyuma, na hiyo safari ife leo. Watoto wenu nitawaambia mwenyewe."

Aida akaanza kulia. Fausta hakulia, ila aliiona Galula ikimwondokea, baraza na samaki na yote, na mahali pake akaliona jeneza la mtu mwingine, na yeye amekaa sakafuni karibu nalo akimenya viazi vya matanga, kama miaka yote. Benchi la nyuma lisingemuua. Hilo lingemuua.

"Baba mzee," alisema, "sisi ni watu wazima. Hatujamwibia mtu. Tulitaka siku tatu tu, tucheke."

"Mcheke na Zaburi. Chupa hizi nazichukua, nikazimwage mtoni kwa mkono wangu, watoto wasije wakaokota."

Akavua lile koti. Fausta hakuwahi kumwona bila koti, hata kwenye mazishi ya mwezi wa kumi na moja jua linapopasua udongo. Akalitandika mezani. Akainua chupa ya kwanza, mkono mmoja shingoni, mmoja umeshika kitako, kama mkunga anayemtoa mtoto kwenye beseni. Akaielekeza kwenye jua. Akaigeuza. Halafu akaisoma, midomo ikicheza, yeye ambaye kila Jumapili huomba asomewe Neno kwa kuwa macho hayaoni maandishi madogo.

"Zimefunguliwa?" aliuliza.

"Bado," alisema Fausta.

"Afadhali," alisema Mzee Zabron.

Fausta akalisikia lile "afadhali". Alikuwa amefagia maganda chini ya meza za wanaume miaka ya kutosha kujua afadhali ya kanisani inasikikaje, na ya baa inasikikaje. Akashusha kichwa kwa unyenyekevu, ili meno yasionekane.

"Umesema kweli, baba mzee. Tumekosa. Lakini mtoni ni mbali, na wewe mgongo wako si mzima sana. Hatuwezi kukutesa kwa dhambi yetu. Tutaimwaga hapahapa ukishuhudia. Tumpe, leta chungu."

"Chungu?" alisema Tumpe.

"Chungu. Na birika. Tutaichanganya na maji ya moto, tutie na sukari, wapewe nguruwe wa jirani walale mapema."

"Si lazima iwe..." alisema Mzee Zabron.

Fausta alikuwa ameshaitwaa ile chupa mkononi mwake, kwa adabu, kwa mikono miwili. Akazungusha kizibo, kikalia krr. Harufu ikapanda, ya moshi na mbao na kitu kitamu kilichosahaulika kabatini. Aida aliacha kulia ili ainuse. Pua ya Mzee Zabron ilifunguka kama ya ng'ombe aliyesikia harufu ya chumvi.

Wiski ikaanguka chunguni, kidogo. Kidogo tena. Tumpe akainua birika, mvuke ukifoka.

"Mimina, mwenzangu," alisema Fausta. "Jaza."

"Weka birika chini!" Sauti ilitoka kwa Mzee Zabron kama imesukumwa na mtu. "Mama, una wazimu? Hiyo imekaa kwenye pipa miaka kumi na miwili! Haipikwi kama uji! Ni kifuniko kimoja cha maji ya baridi, basi, unaiacha itulie, halafu ukiionja ndipo utaisikia asali inakuja nyuma ya moshi, na..."

Kuku mmoja alirudi kutoka nyuma ya choo, akatazama, akaona bora aondoke.

"Asali," alisema Fausta.

"Nyuma ya moshi," alisema Tumpe, birika bado liko hewani.

Mzee Zabron akachukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. "Nilisoma," alisema. "Gazetini."

"Ndiyo, baba mzee."

"Mtu lazima amjue adui."

"Kabisa. Na yale majina ya Jumapili, bado ni matatu?"

"Mama Ipyana, usinipindishe. Nimekwambia ni gazeti. Tangu nizaliwe kitu hicho hakijavuka midomo hii."

"Nakuamini, baba mzee, nani asiyekuamini?" Fausta aliteka maji mtungini kwa kifuniko cha chupa, akayatia chunguni polepole, kimoja tu, kama alivyofundishwa. "Ila sisi hatujasoma sana, tumeishia shule ya msingi. Hebu nisaidie. Hilo gazeti lilisema mtu akimeza, moto wake unasimama wapi? Hapa kooni?"

"Kooni ni zile za bei rahisi," alisema Mzee Zabron. "Hii inashuka mpaka..."

Na mkono wake, kabla hajauwahi, ulikuwa umeshafika juu ya koti, katikati ya kifua, ukipapasa mahali penyewe.