Ukurasa Aliomwekea Mama

Haya niliambiwa na mama muuza viatu, yule ambaye kibanda chake kimepakana na duka la Bi Mzigo. Aliniambia mwaka jana mvua zilipoanza, tumekaa tunangoja zipungue ili kila mtu ashike njia yake. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine alisimuliwa na Bi Mzigo mwenyewe.

Bi Mzigo alikuwa akiuza sweta na soksi za shule. Dukani alikaa mdogo wake, na Bi Mzigo mwenyewe ndiye aliyevuka mpaka kufuata bidhaa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kila safari pasipoti yake ilikula mihuri: wa kutoka huku, wa kuingia kule, wa kutoka kule, wa kurudi huku. Wafanyabiashara wa njia ile wana mtindo wao. Kurasa zikikaribia kwisha, mtu hubana zilizobaki kwa kibanio cha nywele, na maafisa wanaowajua hawakigusi. Wanatafuta nafasi pembeni pembeni kwenye kurasa za zamani na kuibananisha mihuri kama watu kwenye benchi la zahanati.

Chini ya kibanio cha Bi Mzigo ulikuwa umebaki ukurasa mmoja. Aliuweka kwa ajili ya mama yao.

Mama yao alikaa ng'ambo ile kwa kaka yao, mbali, siku nzima ya basi kutoka soko la mpakani. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na kila wakipigiana simu alisema neno lile lile: "Mkubwa wangu, usiniache niende sijakuona."

"Siwezi, mama. Nakuja."

Sasa abadilishe lini pasipoti? Ukiipeleka ofisini inakaa mwezi, na mwezi huo wewe ni kuku aliyefungwa kamba mguuni. Na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Mdogo wangu," alisema siku moja wakipanga soksi, "mimi nipeleke pasipoti sasa hivi. Wewe yako ni mpya, haijawahi hata kunusa muhuri. Safari hii kachukue mzigo wewe."

Mdogo wake alicheka mpaka soksi zikamwanguka. "Mimi? Nikabebe marobota mgongoni? Dada, kila mtu na mgongo wake. Wako umeshazoea."

"Na mama je?"

"Mama si anakula uji? Mtu anayekula uji hafi kesho. Lete sweta kwanza, watoto wa watu watakwenda shule uchi. Ukirudi ndiyo upeleke hicho kitabu chako, au umwendee mama. Ukurasa si unao?"

Maneno yakamwingia. Safari ya mzigo ingebanwa pembeni pembeni kama kawaida, na ukurasa wa mama ungebaki. Akaondoka.

Mpakani akamkuta afisa mpya, mwanamke mwenye kucha ndefu. Akaipokea pasipoti, akakishika kibanio kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mende.

"Hii ni pasipoti au ni kichwa cha mtu?"

"Samahani, bosi. Naomba unigongee pale pembeni, pana nafasi. Huo ukurasa nimemwekea mama yangu, anaumwa."

"Kumbe mama yako anaishi humu ndani?" Akaipeperusha pasipoti, watu wa foleni wakaangua kicheko. "Mama! Uko wapi, mama? Toka tukuone!"

Akakichomoa kibanio, akakitupa kwenye kapu la taka, akagonga muhuri katikati kabisa ya ukurasa. Wenzake wa upande wa pili hawakuwa na sababu ya kuubakiza tena. Nao wakagonga.

Bi Mzigo akatoka akiwa kama amepigwa kofi. Mbele yake mabasi ya kwenda kwa kaka yao yalikuwa yamesimama, makondakta wanaita. Muuza viatu anasema hapo ndipo Bi Mzigo alipokuwa akirudi kila akisimulia: kwamba alisimama, akamwambia utingo, "Niwekee nafasi," na mguu mmoja ukawa ngazini. Simu ikalia.

"Dada uko wapi? Wateja wamejaa mpaka barabarani! Ukichelewa watahamia kwa jirani."

"Nataka nipitie kwa mama. Ukurasa wameshauharibu, nikirudi huko sivuki tena mpaka nipate pasipoti nyingine."

"Utapata. Mwezi ni nini? Nimeongea na kaka asubuhi hii, mama amekula, ameoga, anasengenya majirani. Lete mzigo."

Mama anayesengenya majirani ni mama mzima. Bi Mzigo akashusha mguu.

Aliporudi, badala ya kwenda ofisini kesho yake, akaendelea kuuza. Kesho, keshokutwa, ngoja wikiendi hii ipite. Sweta zilikuwa zinatoka kama maandazi ya moto. Ndipo kaka yao akapiga: mama hanyanyuki, hali kitu, anamtaja Mkubwa tu.

Bi Mzigo alifika ofisi ya pasipoti hata kilemba hakijakaa sawa. Karani wa dirishani alifungua pasipoti kurasa zote, polepole, kama anayesoma hadithi.

"Imejaa. Iache, uje mwisho wa mwezi."

"Baba, mama yangu yuko taabani. Nasikia kuna hati ya safari ya dharura."

"Ipo."

"Naomba hiyo."

"Mgonjwa amekufa?"

"Hapana!"

"Basi si dharura. Dharura yetu sisi ni msiba. Akishafariki njoo, nakupa siku hiyo hiyo, hata foleni hupangi."

"Akishafariki nimfuate wa nini?"

"Mama, wote wanaosimama hapo mama zao wanaumwa. Kama angekuwa anakufa kila anayesemwa anakufa, mji huu usingebaki na bibi hata mmoja. Anayefuata!"

Jioni ile aliyepanda basi ni mdogo wake, pasipoti yake mpya inang'aa. Bi Mzigo alimpa sweta laini ya kumfunika mama, akamwambia, "Mwambie sikukataa kuja. Mwambie nimezuiwa. Halafu umshikie simu sikioni, nimsikie."

"Nitamwambia, dada. Mimi ni mtoto?"

Siku zilizofuata alipiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. "Amelala, tusimsumbue." "Ametoka kunywa dawa sasa hivi." "Baadaye, dada." Na dukani, kati ya mteja na mteja, wazo lilimjia ambalo alimnong'oneza muuza viatu: kwamba kila simu ikilia, moyo wake unauliza kama mama ameshakufa, maana mama akifa, yeye atapewa hati, atasafiri. "Nimefika mahali pa kumngoja mama yangu afe ili nikamwone," alisema.

Simu ilipokuja ilisema mama amefariki, na wameshazika. Kaka yao hakutaka kungoja mtu asiyejulikana atafika lini. Hati haikuwa na kazi tena.

Mdogo wake alirudi mchana, akateremsha begi, akakaa juu ya marobota, akavua viatu.

"Aliniulizia?" Bi Mzigo akauliza.

"Mwanzo mwisho. Mkubwa yuko wapi, Mkubwa yuko wapi. Mimi niliyekuwa namgeuza na kumsafisha hakuniona. Tangu tuko wadogo ni Mkubwa tu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko dukani, wateja wengi."

Muuza viatu, kule kibandani kwake, akaacha kung'arisha.

"Nilikwambia umwambie nimezuiwa."

"Dada, mtu anakata roho unamweleza mambo ya kurasa na mihuri? Angeelewa nini? Na kwani nimedanganya? Hukuwa dukani? Wateja hawakuwa wengi?"

"Akasemaje?"

"Alisema, basi mwacheni auze. Hakukutaja tena." Akapiga mwayo mrefu, machozi ya usingizi yakamtoka. "Hiyo pasipoti inatoka lini? Naona soksi zimekwisha."

"Mwisho wa mwezi."

"Afadhali. Tutawahi waliochelewa kununua."

Akajilaza hapo hapo, na punde akawa anakoroma.

Bi Mzigo alisimama akimtazama mdogo wake koo lilivyo wazi, kwa muda mrefu hata muuza viatu akaona bora asogee karibu. Lakini alikuja baba mmoja na binti yake kutaka sweta. Bi Mzigo akamvalisha mtoto, akamfunga vifungo, akamgeuza huku na huku, akasema imemkaa vizuri. Walipoondoka akashusha mlango wa duka, jua bado kali nje. Muuza viatu alichungulia kwenye upenyo. Akamwona ametandika boksi sakafuni, amejilaza ubavu, kisogo kwa mdogo wake, macho wazi. Baadaye alipochungulia tena, naye alikuwa amelala.